Chakula cha samaki kwa mimea pekee: hatua kwa hatua, kuanzia soya mbichi hadi tembe bwawani

Malalamiko ninayoletewa yanafanana mno. Mfugaji amepiga hesabu ya protini, amepata asilimia 30, amesaga, amechanganya na amelisha miezi miwili. Perege wanakimbilia chakula kila asubuhi, lakini ukiwapima hawajaongezeka. Mwisho wake anasema mimea haifai na anarudi kwenye unga wa samaki.

Mimea inafaa. Tatizo ni kwamba protini iliyoandikwa kwenye karatasi si lazima iwe protini inayofika kwenye nyama ya samaki. Mbegu na majani mengi yana kinga zake za asili dhidi ya kuliwa. Usipoziondoa kwa moto, maji au chekecheke kabla ya kuchanganya, samaki atakula ashibe na bado atakuwa na njaa ya ndani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kabla ya kuchanganya. Ndiyo kazi inayorukwa.

Juhudi hii ina sababu nzito. Kilo moja ya unga wa samaki hutokana na takriban kilo nne hadi tano za samaki wabichi, na wengi wao ni samaki wadogo ambao watu wangeweza kuwala moja kwa moja.

## Mwongozo huu ni wa samaki gani

Ni wa perege, wakiwemo sato, waliokwisha kufika gramu 20 au zaidi. Hawa kwa asili hula mimea na vijidudu vya majini, na utumbo wao mrefu umeumbwa kwa kazi hiyo.

Kambare wakubwa wanaweza kuutumia ukipandisha protini hadi asilimia 35 na kupunguza majani. Vifaranga vya wiki za kwanza usiwaanzishie chakula hiki, kwa kuwa wanahitaji protini ya asilimia 40 na kuendelea, tena inayosagika upesi tumboni. Samaki walao nyama kama samoni na trauti wana mahitaji mengine kabisa, ikiwemo taurini, kirutubisho ambacho mimea ya nchi kavu karibu haina. Usiwajaribishie fomula hii.

## Vitu vya kuandaa

Fomula hii inatoa kilo 10 za chakula kikavu chenye protini ya takriban asilimia 30. Anza na kiasi hiki hata kama una bwawa kubwa. Kilo 10 zikiharibika utajifunza, lakini kilo 200 zikiharibika utakata tamaa.

Malighafi:

- Mashudu ya soya (protini takriban asilimia 44): kilo 4.5
- Mashudu ya alizeti yaliyochekechwa (asilimia 28): kilo 2.5
- Pumba laini za mpunga (asilimia 12): kilo 1.2
- Unga wa majani makavu ya mlonge (asilimia 25): gramu 700
- Unga wa muhogo (asilimia 2): gramu 800
- DCP, yaani madini ya kalsiamu na fosforasi: gramu 150
- Mchanganyiko wa vitamini na madini wa samaki: gramu 100
- Chumvi ya kawaida: gramu 50

Vifaa: mizani ya jikoni, sufuria kubwa, chekecheke la unga, turubai safi, beseni mbili, mashine ya kusagia nyama yenye sahani za matundu ya milimita 2, 3 na 4, na chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Mashine ya kusaga nafaka unaweza kuitumia ya jirani, mradi iwe imesafishwa mabaki ya nafaka yenye ukungu.

Kuna kosa moja la dukani ambalo ni lazima nilitaje hapa. Usinunue vitamini za kuku ukidhani ni zilezile. Kuku hujitengenezea vitamini C mwilini, kwa hiyo mchanganyiko wake mara nyingi hauna vitamini hiyo. Samaki tunaowafuga hawawezi kuitengeneza. Wakiikosa kwa muda mrefu, migongo yao hupinda. Soma lebo, na kama vitamini C haikuandikwa, tafuta nyingine.

## Hatua ya 1: Chagua malighafi kwa pua na macho

Vunja pande la mashudu utazame ndani. Ukiona ukungu wa kijani, wa njano au mweusi, liache. Fangasi hao huweza kutoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kuanika. Mashudu ya karanga na mahindi yaliyovunwa na unyevu ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Pumba za mpunga zinuse. Zina mafuta mengi kuliko watu wanavyodhani, na mafuta hayo huharibika haraka baada ya kukoboa. Pumba nzuri hunukia utamu kidogo, na zilizoharibika zina harufu kali ya mafuta ya zamani na uchungu ulimini. Nunua zilizokobolewa wiki hiyo.

Mashudu ya pamba nakushauri uyaache kwa sasa. Yana gosipoli, sumu ya asili ya pamba, ambayo hufunga laisini (kiini muhimu cha protini) na kudhuru uzazi. Samaki wa kuzalisha wasipewe kabisa.

## Hatua ya 2: Pika soya, kisha hakikisha imepikika

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, isome hii.

Soya mbichi ina vizuizi vinavyozima vimeng'enya vya samaki vya kusaga protini. Samaki anakula protini bora na kuitoa kama kinyesi, na maji ya bwawa yanachafuka kwa chakula ulichokigharamia. Mwanzoni nami nilianika soya juani, nikaisaga ikiwa mbichi na kulisha wiki tatu nikisubiri. Samaki walikula vizuri kila siku, na mizani haikusogea. Jua linakausha soya tu, haliivishi.

Ukitumia mashudu ya kiwandani, mengi huwa yameshapita kwenye moto, lakini yapime kwa kipimo kilicho hapa chini. Ukitumia soya nzima, fanya hivi:

1. Loweka soya kwenye maji mengi kwa saa 8 hadi 12. Punje zitavimba karibu mara mbili. Mwaga maji hayo.
2. Weka maji mapya na uchemshe. Anza kuhesabu muda pale maji yanapotokota, si unapowasha moto. Acha itokote dakika 30. Ukiwa kwenye miinuko, ambako maji hutokota kwa joto la chini, ongeza dakika 10.
3. Chuja, tandaza juu ya turubai tabaka jembamba na uanike hadi punje ipasuke ukiigonga.
4. Saga.

Onyo la upande wa pili: usiikaange hadi iwe nyeusi. Moto mwingi mno huunguza laisini, na laisini ndiyo sababu kubwa ya kutumia soya. Rangi unayoitaka ni ya dhahabu hadi kahawia hafifu.

Kipimo cha urea. Chukua vijiko viwili vya unga wa soya yako, vijiko viwili vya mbolea ya urea na vijiko vitano vya maji. Koroga ndani ya chupa, funika kabisa na uache dakika 20. Fungua unuse kwa tahadhari. Ukipata harufu kali ya amonia, ile inayofanana na ya mkojo uliolala, soya bado ni mbichi, irudishe motoni. Soya mbichi ina kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia, nacho hufa kwa joto linalokaribiana na lile linaloua vizuizi vya protini. Usiposikia amonia, endelea. Mwaga sampuli hiyo na uiweke urea mbali na chakula.

Ukitumia soya nzima badala ya mashudu, vipimo vinabadilika kwa sababu protini yake ni takriban asilimia 38: soya kilo 5.5, alizeti kilo 2.8, mlonge gramu 600, muhogo gramu 800, bila pumba. Madini, vitamini na chumvi hubaki vilevile. Mafuta yatapanda hadi karibu asilimia 12, kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo na ukitumie ndani ya wiki mbili.

## Hatua ya 3: Ondoa maganda ya alizeti

Twanga mashudu ya alizeti kidogo kisha yapitishe kwenye chekecheke. Maganda meusi hubaki juu, na hayo ni ya ng'ombe. Nyuzinyuzi nyingi hupitisha chakula haraka tumboni kabla virutubisho havijafyonzwa, tena hulegeza tembe. Yapime baada ya kuchekecha, maana robo nzima au zaidi inaweza kuondoka.

Usiache alizeti ukidhani soya inatosha. Soya ina laisini nyingi na methionini (kiini kingine cha protini) haba. Alizeti na ufuta ni kinyume chake. Mwili wa samaki hujenga nyama kwa kufuata kile kilicho haba zaidi, kwa hiyo mbegu mbili zinazosaidiana hushinda mbegu moja hata kama asilimia ya protini ni ileile. Kama huna alizeti, mashudu ya ufuta yanashika nafasi yake vizuri, na kwa kuwa yana protini nyingi zaidi, utayahitaji kidogo.

## Hatua ya 4: Andaa majani

Mlonge ndio rahisi. Chuma, osha, anika kivulini penye upepo siku mbili hadi tatu, pukuchua, saga. Kivuli hulinda vitamini.

Majani ya muhogo yana protini nzuri lakini yana sianidi. Yakatekate, yaache yanyauke, kisha yaanike juani hadi yakatike kwa kuvunjwa. Usiyatumie mabichi. Majani ya lusina yana sumu ya mimosini, hivyo yaloweke saa 48 ukibadilisha maji, ndipo uyaanike.

Chochote utakachochagua, majani yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chote. Zaidi ya hapo uchungu na nyuzinyuzi huanza kuwashinda samaki.

Neno kuhusu azola, mmea mdogo unaoelea majini, maana wengi wanadanganyika nayo. Wanasoma kwamba ina protini ya asilimia 20 na zaidi, kisha wanapima azola mbichi inayochuruzika maji na kuiingiza kwenye fomula. Asilimia hiyo ni ya azola kavu. Mbichi ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi, hivyo kilo 10 ulizovua zitakupa takriban nusu kilo kavu. Mimi naona ni busara kuwatupia perege azola mbichi kama kitafunwa cha ziada, na kuacha mlonge uingie kwenye tembe.

## Hatua ya 5: Saga laini, kisha piga hesabu

Kila kitu kipite kwenye chekecheke la unga. Chembe kubwa hutoka tumboni kama zilivyoingia, na ndizo zinazovunja tembe majini.

Sasa hakiki protini. Zidisha kilo za kila kitu kwa asilimia yake: soya 4.5 × 0.44 ni kilo 1.98, alizeti 2.5 × 0.28 ni 0.70, pumba 1.2 × 0.12 ni 0.144, mlonge 0.7 × 0.25 ni 0.175, muhogo 0.8 × 0.02 ni 0.016. Jumla ni kilo 3.015 ndani ya kilo 10, yaani asilimia 30. Ukibadilisha malighafi yoyote, rudia hesabu hii kabla ya kulowesha chochote. Ikipungua, punguza pumba na uongeze soya.

## Hatua ya 6: Changanya vidogo kwanza

Vitamini gramu 100 ukizimwaga juu ya kilo 9 za unga, tembe moja itakuwa nazo nyingi na nyingine haitakuwa nazo kabisa. Kwa hiyo changanya DCP, chumvi na vitamini pamoja na pumba zote (au mlonge wote, kama fomula yako haina pumba) pembeni, hadi rangi iwe moja. Ongeza mlonge, kisha alizeti, mwisho soya. Geuza kwa mikono dakika 10 kamili.

Usiikate DCP ili kuokoa fedha. Takriban theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye mbegu imefungwa ndani ya fitati, yaani umbo ambamo mbegu huhifadhi fosforasi, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Bila DCP utapata samaki wa mifupa laini, na fosforasi isiyotumika itaishia kwenye maji.

## Hatua ya 7: Pika uji wa muhogo na ukande

Koroga unga wa muhogo kwenye lita 3.5 za maji baridi, kisha pika huku ukikoroga hadi uji uwe mzito na wa kung'aa. Muhogo mbichi hauna gundi. Gundi inatoka pale wanga unapoiva.

Acha uji upoe hadi mkono wako uuvumilie. Ukiumwaga ukiwa wa moto utaua vitamini C uliyoitafuta kwa shida. Mimina kidogo kidogo kwenye unga na ukande.

Mafanikio yanaonekana hivi: ukifumba donge kiganjani linabaki na alama za vidole, halitoi maji wala halimomonyoki. Likimomonyoka, nyunyiza maji kidogo. Likinata mikononi, ongeza pumba.

## Hatua ya 8: Toa tembe na uzikaushe

Pitisha donge kwenye mashine ya nyama. Kwa samaki wa gramu 20 hadi 50 tumia matundu ya milimita 2. Hadi gramu 150 tumia 3. Wakubwa zaidi tumia 4. Nyuzi zinazotoka ziache zikauke kidogo, ndipo uzivunje kwa mkono ziwe fupi.

Tandaza tabaka moja, kivulini penye upepo au kwenye jua la upole, ukizigeuza kila baada ya saa mbili. Jua kali hukausha ganda la nje na kuacha unyevu katikati, na huko ndiko ukungu unakoanzia. Siku moja hadi mbili hutosha. Tembe iliyokauka huvunjika kwa mlio, na ukipima gunia leo na kesho uzito haubadiliki.

Jaza chupa ya kioo maji safi, tia tembe kumi. Baada ya dakika 15 ziwe bado na umbo lake. Baada ya dakika 30 zinaweza kulainika, lakini maji yasigeuke uji. Zikisambaratika mapema, ama hukuivisha muhogo, ama umesaga vibaya, ama maganda ya alizeti yamebaki.

Hifadhi kwenye gunia linalopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kitumie ndani ya mwezi mmoja. Chakula kilichoota ukungu kifukie, usiwape hata kuku.

## Hatua ya 9: Wazoeshe samaki

Siku ya 1 hadi 3 changanya robo ya chakula kipya na robo tatu ya cha zamani. Siku ya 4 hadi 6, nusu kwa nusu. Siku ya 7 hadi 9, robo tatu mpya. Siku ya 10 kipya peke yake. Unga wa samaki una harufu na ladha inayowavuta, na mimea haina. Ukibadilisha ghafla watasusa, chakula kitaoza chini na utadhani fomula ni mbovu.

Kiasi kwa siku ni asilimia 3 ya uzito wa samaki wote wanapokuwa karibu na gramu 100. Samaki 500 wa gramu 100 ni kilo 50, hivyo wapewe kilo 1.5, igawe asubuhi jua likishapanda na alasiri. Alfajiri hewa ya majini huwa kidogo, na samaki hasagi chakula vizuri.

Kwa kuwa tembe hizi huzama, usizitupe ovyo. Ning'iniza sinia ya wavu au beseni lenye matundu, lishia hapo kila siku, na liinue baada ya dakika 20. Likiwa na mabaki, punguza. Likiwa tupu, ongeza kidogo siku inayofuata.

Tunza pia ukijani wa maji. Zamisha mkono ulionyooka. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, bwawa lina vijimea na vijidudu vya kutosha, na hivi hufidia mapengo madogo ya chakula chako. Ukiona kiganja chako vizuri ukiwa umezamisha hadi begani, bwawa lina chakula kidogo mno cha asili. Katika matangi ya plastiki yenye maji safi msaada huo haupo, kwa hiyo huko vitamini na madini havina mjadala.

## Hatua ya 10: Pima kila wiki mbili

Vua samaki 30 bila kuchagua, wapime pamoja, gawanya. Andika. Kisha gawanya kilo za chakula ulichotoa kwa kilo zilizoongezeka bwawani. Ukipata kati ya 1.6 na 2, chakula chako kinafanya kazi. Ukivuka 2.5, kuna hatua uliyoiruka.

Namna ninavyotafuta kosa:

- Wanakula vizuri, hawakui: rudia kipimo cha urea kabla ya kitu kingine.
- Migongo imepinda: vitamini C haipo, au imekufa kwenye uji wa moto.
- Mifupa laini, vichwa vimeharibika umbo: DCP ni ndogo au ni ya bandia.
- Macho yana utando mweupe kwa samaki wengi kwa wakati mmoja: methionini au zinki imepungua. Ongeza alizeti au ufuta, kagua lebo ya madini.
- Kinyesi kirefu kinachoelea, maji yanachafuka haraka: nyuzinyuzi zimezidi. Chekecha upya alizeti, punguza majani.
- Wanatema tembe: ama ni kubwa kuliko mdomo, ama pumba zilikuwa zimeharibika. Vunja tembe uinuse.

Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha subiri wiki mbili upime tena. Ukibadilisha matatu kwa pamoja na samaki wakaanza kukua, hutajua ni lipi lililowakuza.